Kivumbasi changu kinachanua bila kukoma: nikate maua au niwaachie nyuki?

Swali: Shikamoo mama. Ninaishi Mabogini, Moshi, karibu na mashamba ya mpunga. Shangazi yangu wa Kibosho alinipa miche mitatu ya kivumbasi nipande chini ya dirisha la chumbani kwa ajili ya mbu. Huu ni mwaka wa pili. Vimekuwa vichaka vinavyonifika kifuani na vinachanua mwaka mzima, lakini majani yamekuwa madogo sana na chini kumebaki vijiti vitupu. Mume wangu anasema nikate maua yote. Jirani yetu mwenye mizinga anasema nikikata nitawanyima nyuki chakula. Na mbu bado wanaingia ndani. Nifuate neno la nani?

Marahaba, mwanangu. Mumeo ana haki na jirani ana haki. Wanagombana kwa sababu kila mmoja anataka kichaka kilekile kimfanyie kazi yake, na kazi hizo mbili hazifanyiki kwa wakati mmoja. Wewe una vichaka vitatu: viwili kata maua, kimoja waachie nyuki. Kuhusu mbu nina maneno mengi zaidi, kwa sababu kivumbasi kilichosimama tu chini ya dirisha hakifanyi ile kazi ambayo shangazi yako alikupa kifanye, na hilo si kosa lake wala si kosa la mmea.

Kabla ya kushika mkasi, hakikisha una kivumbasi kipi. Jina hili hapa kwetu linabeba mimea mitatu hivi inayofanana kwa mbali. Chuma jani moja, lifikiche kiganjani, unuse. Likikupiga puani kwa ubaridi wa kafuri, ile ambayo watu wa pwani huiita karafuu maiti, basi unacho kile kinachobeba jina la mlima wetu: Ocimum kilimandscharicum. Jina hilo lilichapishwa mwaka 1895 na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Max Gürke. Likinukia karafuu ya kawaida, ile ya kwenye pilau, huo ni ndugu yake mkubwa Ocimum gratissimum, ambao wengine huuita mrumbasha. Una majani mapana zaidi na unaweza kumpita mtu kimo. Na ukisikia harufu nyepesi ya ndimu au ya rehani kwenye kimmea kifupi kisichofika kiunoni, hicho ni Ocimum americanum, na mara nyingi hakikai miaka mingi.

Kwa maelezo yako, kimo cha kifuani, mwaka wa pili, majani madogo, vijiti kama kuni kwa chini, nina imani unacho cha kwanza. Angalia pia kama majani yana manyoya mafupi yanayoyapa rangi ya kijivu kidogo. Kisha shika tawi changa ulizungushe kati ya vidole, utahisi pembe nne. Hiyo ni alama ya ukoo wao wote, mnanaa, rehani na rozimari wakiwemo.

Sasa tuingie kwenye maua. Kila tawi la kivumbasi hukua kwa ncha yake. Ncha ikiwa bado ni ya majani, tawi linarefuka na kutoa majani jozi baada ya jozi. Siku ncha ile inapogeuka kuwa shada la maua, tawi limefika mwisho wake. Halitatoa majani makubwa tena. Vile vijani vidogo unavyoviona katikati ya mafungu ya maua havijadumaa kwa ugonjwa. Ni vijani vya shada, umbo lao ni hilo tangu mwanzo. Kisha kila ua lililopata chavua hutengeneza mbegu, nne ndani ya kikombe kimoja zikikamilika, na kichaka chenye mashada mia mbili kinalisha maelfu ya mbegu. Chakula ambacho kingekwenda kwenye majani mapya kinaishia huko. Majani ya zamani ya chini yanazeeka, yanaanguka, na mahali pake hapachipui kitu kwa sababu mmea hauna haja ya majani mapya huko. Ndivyo unavyopata kichaka ambacho juu ni maua na chini ni vijiti.

Unauliza kwa nini kinachanua bila kupumzika. Moshi iko nyuzi tatu na ushei tu kusini mwa Ikweta. Siku yetu ndefu kuliko zote na siku yetu fupi kuliko zote hazipishani hata nusu saa. Hakuna majira ya baridi kali ya kukiambia kichaka kilale. Ulaya mmea huuhuu hufa kwa jalidi ya kwanza usipoingizwa ndani. Hapa kwako, ukipata jua na unyevu kidogo, hauna sababu ya kuacha kuchanua. Mtu wa kuusimamisha ni wewe.

Kuna sababu nyingine ya majani madogo, nayo haihusiani na maua. Umekitoa Kibosho, kwenye ubaridi na ukungu wa asubuhi, ukakileta tambarare kwenye joto. Jani la sehemu yenye jua kali na hewa kavu huwa dogo na lenye manyoya zaidi, ndivyo mmea unavyobana maji yake. Kwa hiyo usitegemee kupata majani kama ya shangazi. Lengo lako liwe majani mengi, si mapana.

Namna ya kukata ni hii. Barua yako imenifikia mwishoni mwa Januari, kiangazi kimeshika, kwa hiyo usifanye kazi kubwa sasa. Kwenye vile vichaka viwili ondoa mashada tu. Fuata shada kwenda chini mpaka ukutane na jozi ya kwanza ya majani mazuri, kisha kata juu yake kidogo tu. Kwapani mwa kila jani katika jozi hiyo pana jicho lililolala. Lililala kwa sababu ncha ya juu ilikuwa inalizuia. Ukiiondoa ncha, yanaamka yote mawili, na baada ya wiki mbili au tatu mahali palipokuwa na tawi moja patakuwa na mawili. Ukirudia hivyo kila unapoona vitumba, kichaka kitanenepa badala ya kurefuka.

Kazi kubwa isubiri masika. Mvua za Machi zikishaingia udongoni kiasi kwamba ukichimba kwa mkono unakuta unyevu urefu wa kidole chote, ndipo ushushe kimo. Punguza theluthi moja. Subiri mwezi mmoja, machipukizi yakitokea chini ya ulipokata, punguza tena kidogo. Usishuke hata mara moja chini ya majani ya mwisho yaliyo hai kwenye tawi. Ninalisema hili kwa sababu nililipia. Mwaka nilioanza bustani yangu Usa River nilikuwa na kichaka cha miaka minne, kimerefuka kama chako. Nikakifyeka mwezi wa Agosti, udongo mkavu, nikaacha visiki vya kimo cha goti bila jani hata moja, nikiamini kitachipua kama mti wa uzio. Nilimwagilia wiki sita. Hakikutoa hata jicho moja. Ilikuwa ndiyo mbegu pekee niliyokuwa nayo, na iliniuma kwelikweli, kwa sababu nilikuwa nimepewa na mtu ambaye hakuwepo tena kunipa nyingine. Sehemu ya kivumbasi iliyokwisha kuwa kuni haina macho mengi ya akiba. Inaishi kwa majani iliyo nayo.

Kwa hiyo kabla hujapogoa, chukua vipandikizi. Hata vichaka vyako vikifufuka, kivumbasi cha miaka minne au mitano huchoka, na mtu mwenye busara anakuwa na mrithi wake tayari. Tafuta tawi changa lisilo na ua wala kitumba, kata urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini tu ya kifundo. Vua majani ya nusu ya chini. Chomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga wa mtoni na mboji nusu kwa nusu, weka kivulini, usiache pakauke. Wiki mbili hadi tatu linashika mizizi. Hata kwenye glasi ya maji lisilopigwa na jua moja kwa moja linashika, ila hamisha mapema, mizizi ikiwa bado na urefu wa kucha mbili tatu, maana ile ya majini ikirefuka inavunjika ovyo.

Mbegu nazo zinaota vizuri. Ni ndogo sana. Nyunyiza juu ya udongo laini, gandamiza kwa kiganja, usifukie, mwagilia kwa kunyunyiza. Lakini kama una rehani jikoni kwako, au jirani anayo, mbegu za kichaka chako zinaweza kuwa zimechanganyika. Hawa ndugu huoana. Mwaka 1983, huko Ohio, Marekani, mkulima wa mimea ya harufu aitwaye Peter Borchard alikuta miongoni mwa mimea yake mche wa ajabu, wenye majani ya zambarau na harufu ya kafuri. Kivumbasi chetu cha Kilimanjaro kilikuwa kimechavuana na rehani nyekundu iliyokuwa jirani. Mche ule haukutoa mbegu hai, na mpaka leo uzao wake wote uliosambaa duniani unatokana na vipandikizi, tawi kwa tawi. Kwa hiyo ukitaka kivumbasi kilekile cha shangazi yako, na si binamu yake, panda tawi.

Nyuki sasa. Jirani yako hasemi tu kwa faida yake. Chunguza ua moja asubuhi, saa tatu au saa nne. Lina midomo miwili, wa juu na wa chini. Kwenye mimea mingi ya ukoo wa mnanaa nyuzi za chavua hujificha chini ya mdomo wa juu, zikampaka nyuki mgongoni. Kwenye kivumbasi na rehani zimelala juu ya mdomo wa chini, na nyuki anapotua hupakwa tumboni. Mimi napenda kukaa na kulitazama hilo kila nipatapo nafasi. Utaona nyuki wakubwa wa mizinga, na ukitulia utaona pia nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa kwenye mapango ya miti na nyufa za kuta. Januari, Februari, kisha tena Agosti na Septemba, magugu mengi ya tambarare yameungua na jua, na kichaka kimoja cha kivumbasi chenye maua kinakuwa na thamani kubwa kwao.

Waachie kichaka kilicho mbali zaidi na dirisha. Hutaki nyuki wapite usoni pa mtu anayelala, na hasa kama una watoto. Hata hicho usikitelekeze: shada likishageuka kahawia lote na vikombe kukauka, likate, hapo nyuki hawana chao tena na utakuwa umekipunguzia mzigo wa mbegu. Kikisafishwa hivyo kitatoa mashada mapya na jirani atafurahi zaidi.

Nirudi kwa mbu. Harufu ya kivumbasi inakaa kwenye vijifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani, visivyoonekana vizuri bila kioo cha kukuzia. Jani likitulia, vijifuko vimefunga. Ndiyo maana unaweza kusimama karibu na kichaka bila kunusa kitu, na ukipita ukakigusa kwa bega nguo inanukia mpaka jioni. Mbu hapiti akikigusa kwa bega. Anaruka juu, anapita dirishani, na kichaka kimetulia kimya. Yapo majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2002, wakipima mimea hii ndani ya vibanda vya majaribio dhidi ya mbu wa malaria. Kivumbasi chetu, majani yake yakipashwa moto taratibu bila kuungua, yalizuia kama nusu ya mbu. Yakichomwa moja kwa moja, kazi ilipungua sana. Nami naona sababu: moto ukilishika jani, mafuta yenyewe yanaungua, na unachobaki nacho ni moshi wa kuni. Hapa kwetu kaskazini mashariki pia watafiti waliwauliza wakazi na kuchapisha mwaka 2008, na kivumbasi cha kafuri pamoja na kile cha karafuu vilikuwemo kwenye mimea ambayo watu wanaitumia. Wazee walijua. Walichokuwa wakifanya ni kuyapasha au kuyafikicha, hawakupanda tu wakaenda kulala.

Kwa hiyo fanya hivi. Majani ya kazi hii yakate wakati maua ya kwanza kabisa ya shada yanafunguka, maana hapo mafuta huwa mengi. Utaona hili linapishana kidogo na nilichosema juu ya kukata vitumba, na ni kweli linapishana. Unapotaka kichaka kinenepe, kata vitumba. Kikishanenepa, kiache kifike maua ya kwanza, kisha vuna matawi kwa pamoja, halafu anza upya. Anika kivulini kwenye mkeka, penye upepo, usianike juani. Jua linaondoka na harufu yote. Yakishakauka na kukwaruza, yafunge ndani ya kopo lenye kifuniko. Jioni weka kigae cha chungu au kikaango kikuukuu juu ya jiko la mkaa uliopungua makali, tia viganja viwili vya majani, acha yapate joto polepole mpaka yatoe harufu. Yakianza kutoa moshi mweusi, punguza moto. Majani mabichi uliyoyafikicha nayo yanafaa ukiwa umekaa nje barazani, ila hayadumu, rudia kila baada ya muda.

Fanyia barazani, na fanya mapema, kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne hivi. Mbu wa malaria aliye mwingi kwenye mashamba ya mpunga ya huko kwenu, yule anayeitwa Anopheles arabiensis, hana haya ya kuuma nje, na humfuata ng'ombe kama anavyomfuata mtu. Wakati huo ndio uko nje unapika au unaongea, na neti haiwezi kukusaidia. Ukiingia kulala, jiko libaki nje. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua bila kutoa harufu, na nisingependa ushauri wangu ukufikishe huko. Kitandani ni neti yenye dawa, kila usiku, na kivumbasi hakichukui nafasi yake. Nusu ya mbu waliozuiwa maana yake nusu nyingine wamepita.

Na kama una watoto, usimpake mtoto mchanga majani haya puani wala kifuani, na usimnyweshe maji yake. Kafuri kwa mtoto mdogo inaweza kuleta degedege. Kwa mtu mzima mwenye mafua, mvuke wa majani machache kwenye beseni hauna shida.

Mavuno yakizidi mahitaji ya jioni, yaliyokauka yachanganye kwenye ndoo ya maharage au mahindi ya mbegu. Nimefanya hivyo miaka mingi na wadudu wa ghalani wanapungua sana, mradi ubadilishe majani harufu inapokwisha. Kule Kakamega, Kenya, wakulima wanaoishi kando ya msitu wanalima kivumbasi hikihiki kwa ekari na kukamua mafuta yake kutengeneza dawa ya kuchua inayoitwa Naturub. Sisi ambao mlima wetu ndio uliokipa jina bado tunakikata kama gugu. Hilo linanisikitisha kila nikipita Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, na kukuta mnanaa na rozimari zimepangwa kwenye viriba na kivumbasi hakipo.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza, na kwa Mabogini naliona ni la lazima. Udongo wa huko tambarare una sehemu ni mfinyanzi mweusi unaoshika maji, na mfereji wa mpunga ukiwa karibu, mizizi inaweza kukaa kwenye tope wiki nzima. Kivumbasi kinavumilia kiu, hakivumilii miguu kulowa. Vipandikizi vyako vipya usivipande usawa wa ardhi. Inua tuta la sentimita 30, changanya mchanga na samadi iliyooza vizuri, ndoo moja ya samadi kwa mche inatosha kwa mwaka, maana ukiilisha zaidi utapata majani laini yasiyo na harufu. Acha sentimita 75 kati ya mche na mche, mahali panapopata jua angalau saa sita. Chini ya dirisha, paa likiwa limetokeza, sidhani kama vinapata hizo saa, na hiyo peke yake inatosha kuvifanya virefuke kutafuta mwanga. Na ukiona unga mweupe umetanda juu ya udongo baada ya maji kukauka, hiyo ni chumvi. Hapo usipande kabisa. Sogea upande wa juu wa kiwanja, hata kama ni mbali na nyumba, kwa kuwa sasa unajua kivumbasi hakihitaji kuwa dirishani ili kikufae.